D.O. Misiani: Gitaa lake la kwanza lilivunjwa nyumbani

Kama wewe ni kijana wa Migori au Homa Bay, basi umemsikia D.O. Misiani hata kama jina lake hulijui. Nyimbo zake zingali zinapigwa kwenye matatu, kwenye matanga, na kwenye redio ya mzee anayeshona nyavu ufuoni. Wapenzi wake walimwita Mfalme wa Historia. Ng'ambo wakamwita babu wa benga. Leo tuyaache hayo majina makubwa kwanza, turudi alikoanzia.

Daniel Owino Misiani alizaliwa Februari 22, 1940 katika kijiji cha Nyamagongo, Shirati. Kwenye ramani hiyo ni Tanzania, mkoa wa Mara. Lakini kama wewe ni wa Nyatike unajua si mbali: ukitoka Muhuru Bay ukafuata ziwa kuelekea kusini, umefika. Mpaka huo ulichorwa na Wajerumani na Waingereza, na Wajaluo wakabaki pande zote mbili wakioana na kuzikana kama kawaida. Kwa hivyo ukisikia watu wanabishana kama Misiani alikuwa wa Kenya au wa Tanzania, waache tu.

Baba yake alikuwa mwimbaji, na mama yake pia. Hapo utadhani mambo yalikuwa rahisi, sivyo? Wapi! Ilikuwa familia ya dini, tena dini ya kushikwa kwa mikono miwili. Kijana alipoonyesha kwamba anataka kufanya muziki uwe kazi yake, nyumbani walikataa kabisa. Gitaa lake la kwanza likavunjwa.

Hebu fikiria hiyo. Siku hizo gitaa hukuagiza kwa simu likaletwa na bodaboda. Kulipata tu ilikuwa shughuli, halafu unalikuta vipande vipande.

Wengi wakisimulia kisa hiki huwafanya wazazi wabaya. Mimi sikubaliani nao sana. Gitaa lilikuwa na sifa mbaya wakati huo. Wanajeshi waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia walikuja nalo vijijini, na mahali pake pa kuchezwa pakawa penye pombe na densi za usiku. Mzazi wa kanisa alipoona mtoto wake ameshika gitaa, aliona njia ya ulevini. Na tusisahau kwamba walioogopa gitaa ndio hao hao waliokuwa wakiimba mtoto akisikia. Sikio lake lilianza kufundishwa pale pale nyumbani.

Na chuo cha muziki je? Hakikuwepo cha mtoto wa kijijini kama yeye. Shule kubwa ya muziki kando ya ziwa ilikuwa nyatiti. Kama hujawahi kuiona ikichezwa kwa karibu, nenda utazame. Ina nyuzi nane. Mchezaji huketi chini kwenye kigoda kifupi, vidole vinadonoa nyuzi, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inagonga ubao wa chombo, njuga za mguuni zinajibu, na mdomo wake unaimba sifa za marehemu au unamchokoza tajiri aliyekaa mbele. Mtu mmoja, bendi nzima. Kando yake kuna orutu, ule uzi mmoja unaosuguliwa kwa upinde, unaomfuata mwimbaji neno kwa neno.

Sasa weka benga usikilize. Gitaa la solo linamjibu mwimbaji kama orutu. Besi na ngoma zinagonga pale pale ilipokuwa ikigonga pete ya mguuni. Hata kwa Kijaluo neno ni lile lile: nyatiti ni thum, na muziki ni thum. Kizazi cha Misiani kilichukua pia kutoka Kongo, maana miaka ya 1950 Jean Bosco Mwenda na Edouard Masengo walikuwa wamewaonyesha vijana wa Kenya jinsi kidole gumba na cha shahada vinavyoweza kufanya gitaa moja lisikike kama mawili. Lakini mfupa wenyewe ni wa thum.

Miaka ya 1960 Misiani akavuka mpaka, akaja Kenya kutafuta muziki wake. Bendi yake ilibadilisha majina mpaka unachoka kuhesabu: Victoria Boys, Luo Sweet Voice, Shirati Luo Voice, na nyinginezo, hadi likashika lile la Shirati Jazz. Ona alivyofanya: kijana ambaye kwao walikataa gitaa lake alichukua jina la kwao, akalibandika kwenye kila sahani ya santuri. Kufikia mwaka 1989 albamu yake Benga Blast ilikuwa ikiuzwa London.

Ile tabia ya mcheza nyatiti ya kumchokoza tajiri haikumwacha. Aliwaimba wanasiasa kwa mafumbo ya wanyama na hadithi za zamani, na zaidi ya mara moja polisi walimkamata kwa sababu ya nyimbo. Akitoka, anatunga nyingine. Alikuwa bado anatunga alipokufa kwenye ajali ya barabarani Kisumu, Mei 17, 2006, akiwa na miaka 66.