Arnold Theiler: Daktari wa Ng'ombe Mwenye Mkono Mmoja

Ukiwauliza wanafunzi wenzangu wakutajie daktari mashuhuri, watakutajia wa binadamu. Mimi nimechagua wa mifugo. Karo yangu hutoka zizini. Baba huuza fahali muhula ukikaribia, kwa hivyo ndigana ikiingia bomani kwetu, mimi ndiye nitakayekaa nyumbani.

Arnold Theiler alizaliwa Frick, nchini Uswisi, mwaka wa 1867. Alisomea utabibu wa mifugo, na mwaka wa 1891 akafunga safari hadi Transvaal, Afrika Kusini. Masaibu hayakukawia. Akifanya kazi shambani karibu na Pretoria, mashine ilimkata mkono wa kushoto. Wengi wetu tungefungasha virago. Yeye alibaki, na mwaka wa 1893 akatengeneza chanjo ya ndui.

Mwaka wa 1896 sotoka ikabisha hodi. Gonjwa hili lilikuwa limeingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 kutoka ng'ambo, likamaliza ng'ombe wa Wamaasai, kisha likavuka mto Zambezi. Theiler alitumwa Bulawayo, akalitambua. Yeye na Herbert Watkins-Pitchford wakatafuta kinga katika damu ya ng'ombe waliougua wakapona. Hata hivyo, mamilioni ya ng'ombe walikufa.

Sasa sikiliza maajabu! Ili kujaza mazizi yaliyobaki matupu, watu wa kusini waliagiza ng'ombe kutoka huku kwetu Afrika Mashariki. Walionekana wazima kabisa, kumbe wamebeba kupe, na kupe nao wamebeba ndigana kali. Kufikia mwaka wa 1902 ng'ombe walikuwa wakifa tena Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, na Transvaal. Wengi walidhani ni ule ugonjwa wa zamani wa kukojoa damu. Theiler akachungulia darubini, akaonyesha kuwa huu ni mwingine, wenye kijidudu chake. Leo kijidudu hicho huitwa Theileria, kwa jina lake.

Dawa ya kuutibu haikuwepo wakati huo. Ilibidi ng'ombe waogeshwe joshoni kila baada ya siku chache, nyua zijengwe, na asihamishwe ng'ombe bila kibali. Afrika Kusini iliung'oa katika miaka ya 1950. Theiler hakuiona siku hiyo, kwani alifariki mwaka wa 1936. Aliacha kituo cha utafiti cha Onderstepoort, alichokianzisha mwaka wa 1908, na mwanawe Max, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1951 kwa kazi yake ya chanjo ya homa ya manjano.

Sotoka ilitangazwa kuangamizwa duniani mwaka wa 2011, lakini ndigana tungali nayo. Huku kwetu ng'ombe hununuliwa mnadani asubuhi, na jioni keshachanganywa na wengine. Je, nani huangalia masikio yake kama yana kupe? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini ng'ombe mgeni, jamani, mpe zizi lake peke yake, na josho siku ya kwanza!