SOICHIRO HONDA: FUNDI ASIYE NA CHETI

Wengi wetu tulilijua jina la Honda kabla ya kujua kuwa ni jina la mtu. Soichiro Honda alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na Hamamatsu, nchini Japani. Baba yake alikuwa mhunzi, akitengeneza pia baiskeli mbovu. Mwaka 1922 kijana huyo alikwenda Tokyo kujifunza kazi katika gereji ya magari, na miezi ya mwanzo hakupewa spana bali mtoto wa tajiri wake amlee. Mwaka 1928 alirudi Hamamatsu kufungua tawi la gereji hiyo.

Baadaye alitaka kutengeneza ringi za pistoni. Zilimshinda. Alipoona kwamba hana elimu ya madini aliingia chuo cha ufundi akiwa mtu mzima, akasikiliza yale aliyoyahitaji, mitihani hakufanya, na cheti hakupata. (Natumaini walimu wetu hawausomi ukurasa huu.) Hata baada ya hapo, kati ya ringi 50 alizopeleka Toyota zikaguliwe, zilizofaa zilikuwa 3.

Habari hiyo ya ringi iliniingia sana tulipoifunua turubai Honda 90 ya marehemu mwalimu wetu wa kilimo, ile aliyokuwa akiipanda kwenda Nangurukuru na Kivinje. Ilikuwa imelala bandani Kilwa Masoko tangu 1993, na upepo wa chumvi haukuihurumia. Familia ilikwisha patana bei na mnunuzi wa chuma chakavu. Nikaomba wiki mbili. Petroli iliyobaki ilikuwa imegeuka gundi, na kiki haikusogea kabisa: ringi zilikuwa zimeshikana na silinda. Mimi na fundi mmoja wa bodaboda tulitoa plagi, tukamimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, tukaacha. Kila jioni tuliibonyeza kiki kwa mkono, polepole, maana ukilazimisha silinda inakwaruzika. Siku ya 9 ikaachia. Kabureta tukaizibua, pointi tukazisugua kwa msasa laini, tangi tukalitia kokoto na kulitikisa mpaka kutu ikatoka. Ilipowaka, mjane wa mwalimu alitoka nje akasimama tu, kimya. Mnunuzi alirudishiwa fedha zake.

Vita Kuu ya Pili na tetemeko la ardhi viliharibu viwanda vya Honda, naye mwaka 1945 akaiuzia Toyota hisa zake. Mwaka 1946 alichukua injini ndogo za jenereta za redio za jeshi akazifunga kwenye baiskeli. Kampuni ya Honda ikaanzishwa 1948. Mwaka uliofuata alijiunga naye Takeo Fujisawa, akashika fedha na mauzo; kwa maoni yangu huyu ndiye aliyeiokoa kampuni, kwani Honda biashara hakuipenda. Mwaka 1958 walitoa Super Cub, isiyo na mkono wa klachi, ambayo ndiyo nasaba ya pikipiki ya mwalimu.

Wawili hao walistaafu pamoja mwaka 1973. Honda alifariki Tokyo tarehe 5 Agosti 1991. Kufikia mwaka 2017, Super Cub zilizokwisha tengenezwa zilipita milioni 100.