Mwalimu Nyerere, kura za wanyonge na somo la Ujiji

MWALIMU Julius Kambarage Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania, alijaliwa uwezo ambao wanasiasa wachache huupata. Alipomnadi mgombea, mkulima na mfanyakazi walimtazama mgombea huyo kwa jicho jingine. Hata hivyo, wapiga kura wa Ujiji na Kigoma walidhihirisha kuwa uwezo huo ulikuwa na mpaka wake.

Alizaliwa Butiama Aprili 1922, akasoma Tabora, Makerere na Edinburgh, kisha akafundisha Pugu. Julai 7, 1954 aliongoza kuasisiwa kwa TANU, na mwaka uliofuata akauacha ualimu ili aitumikie siasa.

Mtihani mkubwa ulimkuta Januari 1958 katika mkutano mkuu wa TANU mjini Tabora, kwenye njia ya reli iendayo Kigoma. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta utaratibu wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Masharti ya kipato na elimu yaliwaweka kando vibarua, wachukuzi na wavuvi wengi.

Wapo wajumbe waliotaka kususia, lakini Mwalimu aliwashawishi washiriki. TANU iliwaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubaliana na msimamo wake, na Waafrika wenye kura wakawachagua. Haikuwa utii mtupu. Waliutaka Uhuru, na njia aliyowaonyesha ilielekea huko.

Mwaka 1995, miaka kumi baada ya kung'atuka urais, Mwalimu alirejea jukwaani kumnadi Benjamin Mkapa wa CCM. Mpinzani mkuu, Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi, alikuwa kipenzi cha vijana na wanyonge wa mijini. Mkapa alishinda kwa asilimia 61.8, Mrema akapata asilimia 27.8.

Lakini katika uchaguzi huo huo, jimbo la Kigoma Mjini, ambalo Ujiji imo ndani yake, lilimchagua Dk. Aman Walid Kabourou wa Chadema kuwa mbunge. Wakazi wake, wengi wakiishi kwa uvuvi, bandari, reli na biashara ya dagaa na mawese, walikuwa na kumbukumbu ya karibu: uchaguzi mdogo wa 1994, ambao CCM ilitangazwa mshindi na mahakama ikaubatilisha. Mgombea waliyemjua na kinyongo walichokuwa nacho viliishinda sifa ya chama cha Mwalimu.

Na ni Mwalimu huyo huyo aliyefungua mjadala wa vyama vingi mwaka 1990, akikitahadharisha chama chake kisijisahau. Ujiji iliutumia uhuru huo wa kuchagua.

Alifariki dunia London Oktoba 14, 1999, akazikwa Butiama. Tangu hapo wagombea wengi wamelitaja jina lake majukwaani. Historia yake inawakumbusha kwamba baraka za mkubwa humfungulia mgombea mlango wa mnyonge, lakini kura hutolewa na mwenye nyumba.