Jean Moulin, mkuu wa mkoa aliyekataa kutia saini

Tarehe 17 Juni 1940, majeshi ya Ujerumani yaliingia Chartres, mji ulio kusini-magharibi mwa Paris. Jioni hiyo maafisa wa Kijerumani walimwita mkuu wa mkoa, wakamwekea karatasi mezani na kumtaka aitie saini. Karatasi hiyo ilieleza kwamba askari weusi wa jeshi la Ufaransa, walipokuwa wakirudi nyuma, waliwabaka na kuwaua wanawake na watoto katika kijiji cha jirani.

Mkuu wa mkoa, Jean Moulin, alikuwa na siku tatu tu kabla ya kutimiza miaka 41. Aliuliza ushahidi uko wapi. Jibu lilikuwa kipigo. Alipelekwa kwenye kitongoji cha La Taye akaonyeshwa maiti za raia, na kwa macho yake akaona kuwa majeraha yale yalikuwa ya mabomu, si ya visu wala mikono ya watu. Akakataa tena. Alipigwa kwa vitako vya bunduki kwa takriban saa saba, kisha usiku akafungiwa katika chumba kimoja na mateka, askari Mwafrika. Kwa watesaji wake hiyo ilikuwa kejeli: kama unawapenda sana, basi lala nao.

Moulin alijijua. Alihisi kwamba kukipambazuka na kipigo kikaanza upya, huenda angetia saini. Sakafuni kulikuwa na vipande vya kioo vya dirisha lililovunjika kwa mabomu. Alichukua kimoja akajikata koo. Walinzi walimkuta alfajiri akivuja damu, akapelekwa hospitali na kunusurika. Wajerumani hawakuizungumzia tena ile karatasi.

Tukio hilo lina uzito wake kwa msikilizaji wa Afrika. Kikosi kilichoitwa Tirailleurs Sénégalais hakikuwa cha Wasenegali peke yao. Kiliwakusanya vijana kutoka nchi tunazozijua leo kama Mali, Guinea, Burkina Faso, Côte d'Ivoire na nyinginezo za Afrika Magharibi. Katika wiki zile za Mei na Juni 1940, wanahistoria wanakadiria kuwa Wajerumani waliwaua kati ya 1,500 na 3,000 kati yao baada ya kujisalimisha, huku askari weupe waliokamatwa pamoja nao wakipelekwa kambini kama mateka wa kawaida. Huko Chasselay, karibu na Lyon, kuna makaburi ya udongo mwekundu yaliyojengwa kwa mtindo wa Afrika Magharibi, ambako wamezikwa karibu 200. Karatasi ya Chartres ingetumika kuhalalisha mauaji ya aina hiyo, na ingekuwa na saini ya afisa wa serikali ya Ufaransa yenyewe.

Mtoto wa mwalimu

Moulin alizaliwa tarehe 20 Juni 1899 Béziers, kusini mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mwalimu wa historia, mtu wa siasa za mrengo wa kushoto aliyeamini katika jamhuri kama wengine wanavyoamini katika dini. Kijana alisoma sheria Montpellier, aliitwa jeshini mwaka 1918 lakini vita vikaisha kabla hajafika mstari wa mbele. Alipenda kuchora kuliko kusoma. Katuni zake zilitoka magazetini chini ya jina la Romanin, kwa sababu haikufaa afisa wa serikali aonekane akiwachora wakubwa zake.

Alipanda ngazi haraka. Mwaka 1936, akiwa katika ofisi ya waziri wa usafiri wa anga Pierre Cot, alishiriki kupeleka ndege kwa siri Uhispania, kwa serikali iliyokuwa ikipigana na Jenerali Franco. Mwaka 1937 akawa mkuu wa mkoa mwenye umri mdogo kuliko wote Ufaransa. Mapema mwaka 1939 alihamishiwa Chartres.

Mkuu wa mkoa nchini Ufaransa hachaguliwi na wananchi. Ni mkono wa serikali kuu: anasimamia polisi, chakula, barabara, na anatekeleza anachoagizwa. Wajerumani walipoingia, mtu wa cheo hiki alikuwa na mtihani mgumu kuliko wengi. Akiondoka, anawaacha watu bila mkate wala maji. Akibaki, kila asubuhi anakaa meza moja na mvamizi. Moulin alibaki. Maelfu ya wakazi na maafisa wengi walikuwa wamekwishakimbia, na yeye akawa anatafuta waokaji mikate kwa wale waliosalia. Na baada ya kidonda cha shingoni kupona, alirudi ofisini akafanya kazi chini ya Wajerumani kwa miezi kadhaa. Wasimulizi wengi huipita miezi hii haraka. Isipitwe, kwani ndiyo inayoonyesha kuwa mpaka kati ya kuhudumia raia na kumhudumia mvamizi haukuwa mstari ulionyooka.

Njia mbili za ofisi moja

Wakati huo serikali mpya ilikuwa imeundwa katika mji wa Vichy chini ya Marshal Philippe Pétain, shujaa mzee wa vita vya kwanza. Pétain alikuwa ameomba kusitishwa kwa mapigano. Mwezi Oktoba 1940 serikali yake ilitunga sheria ya kuwabagua Wayahudi, tena bila kushurutishwa na Wajerumani, na mwezi huohuo akakutana na Hitler huko Montoire na kutangaza redioni kwamba Ufaransa inaingia katika njia ya ushirikiano. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Novemba, Vichy ilimfukuza kazi Moulin, ikimhesabu kuwa mtu wa siasa za zamani.

Hapa inafaa kumtaja mtu mwingine. René Bousquet alikuwa afisa wa utawala kama Moulin, mdogo wake kwa miaka 10, hodari, naye akawa mkuu wa mkoa mwaka 1940 akiwa na miaka 31. Huyu alipandishwa na Vichy hadi kuwa mkuu wa polisi mwaka 1942. Alipatana na makamanda wa SS kwamba polisi wa Kifaransa wenyewe ndio watakaowakamata Wayahudi. Tarehe 16 na 17 Julai 1942, mjini Paris, polisi hao waliwakamata Wayahudi wapatao 13,000, zaidi ya 4,000 kati yao wakiwa watoto. Hawakuhitaji askari wa Kijerumani kuvunja milango. Walikuwa na orodha, mabasi ya abiria ya jiji, na karani wa kila ofisi aliyefanya kazi yake. Jumla ya Wayahudi waliopelekwa kwenye kambi za mauaji kutoka Ufaransa ni karibu 76,000. Bousquet alishitakiwa mwaka 1949, akapewa adhabu ndogo iliyofutwa papo hapo, kisha akatajirika katika benki. Mashitaka mapya yalikuwa yakiandaliwa alipouawa kwa risasi nyumbani kwake Paris mwaka 1993.

Wafaransa wengi hawakuwa Moulin wala Bousquet. Walipanga foleni ya mkate, walimsikiliza Pétain mchana na usiku wakatega redio ya London kwa sauti ya chini, ingawa ilikuwa imepigwa marufuku. Ni kupitia BBC ndipo Jenerali Charles de Gaulle, tarehe 18 Juni 1940, siku ileile Moulin alipokutwa na koo lililokatwa, alipowaita Wafaransa waendelee kupigana.

Kuwapatanisha wasioaminiana

Baada ya kufukuzwa, Moulin hakukurupuka. Alijitengenezea hati za jina la Joseph Mercier, akazunguka kusini mwa nchi akisikiliza nani anafanya nini. Aligundua kuwa upinzani upo, lakini umetawanyika: Combat ya Henri Frenay, Libération ya Emmanuel d'Astier, Franc-Tireur ya Jean-Pierre Lévy. Walichapisha magazeti ya siri, walikusanya habari, na kila kundi liliona wenzake kama washindani. Fedha hawakuwa nazo, silaha hawakuwa nazo.

Septemba 1941 alipitia Uhispania hadi Lisbon, na mwezi uliofuata akafika London kwa de Gaulle. Jenerali alikuwa na jina na maikrofoni, lakini ndani ya Ufaransa hakuwa na mtu. Walielewana. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Januari 1942, Moulin aliruka kwa parachuti katika milima midogo ya Alpilles, kusini, akiwa na maagizo yake kwenye filamu ndogo iliyofichwa ndani ya kiberiti.

Kazi iliyofuata haikuwa ya bunduki. Ilikuwa ya vikao, kusuluhisha magomvi, kugawa fedha zilizotoka London. Fedha hizo zilimpa nguvu na pia zilimletea chuki. Frenay, aliyeanza upinzani mapema wakati ambapo karibu hakuna aliyethubutu, hakupenda kuambiwa la kufanya na mtumishi wa serikali aliyetumwa na jenerali wa mbali, na alikuwa na hoja. Hata hivyo, Januari 1943 makundi yale matatu ya kusini yaliungana. Ili kuficha safari zake, Moulin alifungua duka la kuuza picha za sanaa mjini Nice. Mtu anayejua michoro hazushi maswali akisafiri na mabomba ya rangi.

Mwezi Februari 1943 Vichy yenyewe iliwapa wapinzani askari. Sheria mpya iliwalazimisha vijana kwenda kufanya kazi viwandani Ujerumani. Maelfu walikimbilia milimani na misituni, na wengi wao wakawa wapiganaji wa maquis. Mwezi mmoja kabla, Vichy ilikuwa imeunda Milice, jeshi la mgambo la Wafaransa la kuwawinda Wafaransa wenzao. Hawa waliogopwa kuliko Gestapo, kwa sababu walijua lafudhi, ukoo na vichochoro.

Tarehe 27 Mei 1943, katika nyumba namba 48 ya mtaa wa rue du Four mjini Paris, Moulin aliongoza kikao cha kwanza cha Baraza la Taifa la Upinzani. Walikuwepo wajumbe wa makundi manane ya upinzani, vyama sita vya siasa na vyama viwili vya wafanyakazi, wakomunisti na wahafidhina chini ya dari moja, katika jiji lililojaa Gestapo. Walimtambua de Gaulle kuwa kiongozi wao. Azimio hilo lilimpa de Gaulle nguvu mbele ya Jenerali Giraud, aliyependelewa na Marekani.

Caluire

Wiki tatu tu zilibaki. Jean Multon, mtu wa Combat aliyekamatwa Marseille, alikuwa amekubali kuwafanyia kazi Wajerumani na akawa anawaonyesha wenzake wa zamani mmoja mmoja. Katika treni alimtambua René Hardy, mkuu wa hujuma za reli. Hardy alikamatwa, akahojiwa na Klaus Barbie wa Gestapo ya Lyon, akaachiliwa, na hakuwaambia wenzake. Tarehe 9 Juni Jenerali Delestraint, kamanda wa jeshi la siri, alikamatwa Paris. Moulin aliitisha kikao cha dharura tarehe 21 Juni katika nyumba ya daktari Frédéric Dugoujon huko Caluire, pembeni mwa Lyon. Hardy alifika, ingawa hakutarajiwa. Moulin alichelewa kama dakika 45, na mtumishi akamwelekeza kwenye chumba cha wagonjwa. Gestapo waliwasili muda mfupi baadaye. Hardy peke yake ndiye aliyefanikiwa kukimbia.

Je, Hardy aliwasaliti? Baada ya vita alishitakiwa mara mbili, mwaka 1947 na 1950, na mara zote mbili akaachiwa huru. Alikana hadi kifo chake. Wenzake wengi waliofungwa hawakumwamini kamwe.

Barbie hakujua mara moja yupi kati ya mateka ndiye kiongozi. Alipojua, hakuwa na huruma. Jioni ya tarehe 24 Juni, katika gereza la Montluc, mfungwa mmoja aliyejulikana kama kinyozi wa wafungwa aliamriwa amnyoe mtu aliyelala uani bila fahamu. Kinyozi huyo alikuwa Christian Pineau, naye mpinzani aliyefungwa kwa jina la uongo, ambaye miaka mingi baadaye angekuwa waziri wa mambo ya nje. Alimtambua Moulin. Alimnyoa kwa wembe butu, akampa maji kidogo. Moulin hakutaja jina la mtu yeyote. Alipelekwa Paris, kisha akapandishwa treni ya Ujerumani. Hati ya kifo iliandikwa Metz, tarehe 8 Julai 1943.

Mwenzake wa Caluire, Raymond Aubrac, aliokolewa Oktoba mwaka huo. Mkewe Lucie, akiwa mjamzito, aliongoza kikundi kilicholishambulia gari la wafungwa katikati ya Lyon.

Barbie aliajiriwa na ujasusi wa Marekani baada ya vita, akaishi Bolivia kwa miongo mitatu. Alirejeshwa Ufaransa mwaka 1983 na kuhukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1987 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, ukiwemo wa kuwapeleka kwenye mauaji watoto 44 wa Kiyahudi waliokuwa wamehifadhiwa Izieu. Kifo cha Moulin hakikuwa katika mashitaka hayo. Kisheria kilihesabiwa uhalifu wa kivita, na muda wake ulikuwa umepita.

Ufaransa ilimpa Moulin heshima yake kuu tarehe 19 Desemba 1964, kwa kulihamishia sanduku la majivu yake Panthéon, wanakozikwa wakubwa wa taifa. Miaka 20 kabla yake, tarehe 1 Desemba 1944, jeshi la Ufaransa hiyohiyo liliwafyatulia risasi askari wa Kiafrika waliotoka kwenye kambi za mateka za Wajerumani, huko Thiaroye karibu na Dakar, kwa sababu walidai mishahara yao. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo.

Picha inayojulikana zaidi ya Moulin inamwonyesha akiwa na kofia na skafu shingoni, ameegemea ukuta. Wengi hudhani skafu ile inaficha kovu la Chartres. Sivyo: ilipigwa Montpellier kabla ya Wajerumani kufika, wakati wa baridi. Kuhusu majivu yaliyomo Panthéon, yalichukuliwa kutoka makaburi ya Père-Lachaise mjini Paris, na hati rasmi zinasema tu kwamba yanadhaniwa kuwa yake.