Lutz Eigendorf, mchezaji aliyelikimbia basi la timu yake

Safari hii safu yetu ya watu waliovuma inatupeleka Ujerumani, nchi ambayo kwa zaidi ya miaka 40 ilikuwa nchi mbili, zikiwa na serikali mbili, fedha mbili na ligi kuu mbili za soka. Nimemchagua marehemu Lutz Eigendorf kwa sababu wengi wanaosoma ukurasa huu wanajua mpaka ni kitu gani. Wako waliorudi nyumbani baada ya kuishi ugenini miaka mingi, na wako wanaovuka asubuhi na mizigo kichwani, jioni wakarudi kulala kwao. Eigendorf alihama upande mmoja kwenda wa pili mara moja tu, akiwa na umri wa miaka 22. Hakurudi tena, na miaka minne baadaye alikuwa kaburini.

Kijana wa Brandenburg

Eigendorf alizaliwa tarehe 16 Julai 1956 katika mji wa Brandenburg, magharibi ya Berlin, upande uliokuwa Ujerumani Mashariki. Alipokuwa na umri wa miaka mitano, mwezi Agosti 1961, serikali ya huko ilijenga ukuta katikati ya Berlin ili kuwazuia raia wake wasikimbilie Ujerumani Magharibi. Kwa hiyo kijana huyu alikua akijua kwamba upande wa pili upo, watu wake wanasema Kijerumani kama yeye, lakini hauendeki.

Kipaji chake kilionekana mapema. Angali mtoto alichukuliwa na klabu ya Berliner FC Dynamo, ambayo wengi waliita BFC, akalelewa katika timu zake za vijana mjini Berlin. Mwaka 1974 alianza kuchezea timu kubwa. Aliweza kucheza beki na aliweza kucheza kiungo, akitoka nyuma na mpira mguuni kichwa kikiwa juu. Ndiyo maana watu walimfananisha na Franz Beckenbauer, nahodha wa Ujerumani Magharibi iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1974.

Mwezi Agosti 1978 aliitwa timu ya taifa kwa mara ya kwanza. Mchezo ulikuwa dhidi ya Bulgaria, ukaisha kwa sare ya mabao 2-2, na mabao yote mawili ya Ujerumani Mashariki aliyafunga yeye. Sijui wachezaji wengi walioanza hivyo. Hadi Februari 1979 alikuwa amecheza michezo sita ya taifa na kufunga mabao matatu.

Klabu ya mkuu wa usalama

Ili tuelewe yaliyofuata, ni lazima tujue BFC ilikuwa klabu ya nani. Katika Ujerumani Mashariki kila klabu ilikuwa chini ya mlezi fulani. Nyingine zilikuwa za jeshi, nyingine za viwanda, na zile zenye jina la Dynamo zilikuwa za polisi na usalama. Mwenyekiti wa chama kizima cha michezo cha Dynamo alikuwa Erich Mielke. Mzee huyo alikuwa pia waziri wa usalama wa taifa tangu mwaka 1957, yaani mkuu wa polisi wa siri waliojulikana kama Stasi, waliokuwa na mashushushu kila mtaa, kila kiwanda na kila timu.

Mielke aliipenda BFC kama mtu apendavyo shamba lake. Msimu wa 1978–79 ndio uliompa furaha aliyoisubiri. Ligi kuu ya Mashariki, iliyoitwa Oberliga, ilikuwa na timu 14 na kila timu ilicheza michezo 26. BFC ilipoteza mmoja tu, ikatwaa ubingwa kwa mara ya kwanza. Kutoka hapo ilichukua ubingwa mara kumi mfululizo, hadi mwaka 1988. Mashabiki wa timu nyingine, hasa wa Dynamo Dresden, waliamini kwamba marefa walikuwa wakiibeba. Lakini hata waliochukia BFC walikubali kwamba ilikuwa na wachezaji hodari, na mmoja wa hodari hao msimu huo alikuwa Eigendorf.

Hata hivyo, ubingwa huo ulipopatikana, yeye hakuwapo.

Kituo cha Giessen

Tarehe 20 Machi 1979, katikati ya msimu, BFC ilikwenda Ujerumani Magharibi kucheza mchezo wa kirafiki na klabu ya Kaiserslautern. Ligi ya Magharibi, Bundesliga, ilikuwa na moto wake. Hamburg walikuwa na Mwingereza Kevin Keegan na mwisho wa msimu walitwaa ubingwa, na Kaiserslautern wenyewe walimaliza nafasi ya tatu. Wageni kutoka Berlin walifungwa mabao 4-1.

Kesho yake basi la BFC lilianza safari ya kurudi. Njiani lilisimama katika mji wa Giessen ili wachezaji wapate nafasi ya kutembea madukani. Kila aliyewahi kurudi kutoka ng'ambo anajua maana ya kusimama dukani mara ya mwisho kabla ya mpaka: vitu ni vingi na nyumbani havipo. Wakati wenzake wakizungukia maduka, Eigendorf alijitenga, akaingia kwenye teksi na kumwambia dereva amrudishe Kaiserslautern. Basi liliondoka likiwa na kiti kimoja kitupu.

Msomaji anaweza kuona hilo ni jambo dogo, kijana kabadilisha timu. Kwa sheria ya kwao halikuwa dogo. Kuondoka nchini bila ruhusa kulikuwa kosa la jinai lililomtia mtu gerezani. Raia wa kawaida wa umri wake hakuweza kupata ruhusa ya kutembelea Magharibi ila kwa nadra sana. Wanamichezo waliruhusiwa kwa kuwa walionekana waaminifu, na mwenye mke na watoto aliaminiwa zaidi, maana familia iliyobaki nyumbani ndiyo ilikuwa rehani ya kurudi kwake. Eigendorf alikuwa na mke na binti mdogo. Wote wawili walibaki Berlin.

Naomba nisimame hapo kidogo. Wapo wanaomsifu kwa ujasiri, na wapo wanaomlaumu kwa kuacha mke na mtoto. Mimi naona lawama ya kwanza ni ya nchi iliyomweka mtu mahali ambapo kutaka kucheza mpira kwingine ni lazima kulipwe na mtoto wake. Lakini siwezi kusema kwamba mtoto hakulipa.

Waliobaki nyuma

Polisi wa siri hawakungoja. Mke wa Eigendorf na wazazi wake walihojiwa na kuwekwa chini ya ulinzi wa macho. Nyaraka za Stasi, zilizoanza kufunguliwa kwa wananchi mwaka 1992, zilionyesha jambo ambalo hata waliozoea visa vya wakati ule liliwashangaza. Shushushu mmoja mwanamume alitumwa ajenge urafiki na mke huyo. Talaka ilitolewa mwaka huohuo wa 1979, na baadaye yule mwanamke aliolewa na mwanamume huyo bila kujua kwamba alitumwa na nani. Kwa njia hiyo serikali iliingia hadi chumbani. Barua yoyote ambayo Eigendorf angeandika, salamu yoyote ambayo angetuma, ingepita mikononi mwao.

Huko Magharibi nako hakuachwa. Mashushushu wa Mashariki walimfuata, wakaandika anaishi wapi, anaendesha gari gani, anapita barabara ipi kwenda mazoezini. Mmoja wao alikuwa bondia wa zamani aliyefahamiana naye, akatumwa kujenga tena urafiki.

Bundesliga bila nyota kuwaka

Je, soka lenyewe lilimlipa? Kwa kiasi. Shirikisho la soka la Ulaya, UEFA, lilimfungia mwaka mmoja kwa kuondoka klabu yake bila kibali. Mwaka huo aliutumia akifundisha vijana wa Kaiserslautern. Alipofunguliwa mwaka 1980 aliingia uwanjani, na hadi mwaka 1982 alikuwa amecheza michezo 53 ya Bundesliga na kufunga mabao saba. Wakati wake pale klabu hiyo ilicheza fainali ya Kombe la Ujerumani mwaka 1981 na kufungwa na Eintracht Frankfurt, na mwezi Machi 1982 iliifunga Real Madrid mabao 5-0 katika Kombe la UEFA. Alikuwa mchezaji mzuri katika timu nzuri. Beckenbauer mpya hakutokea.

Mwaka 1982 alihamia Eintracht Braunschweig. Alikuwa ameoa tena na kupata mtoto wa kiume. Mji wa Braunschweig uko karibu na uliokuwa mpaka wa Ujerumani mbili. Kutoka hapo hadi kivuko kikubwa cha Helmstedt ni kama kilomita 40. Mtu aliyekuwa akitafutwa na upande ule sasa alikuwa akilala karibu na mlango wake. Uwanjani mambo hayakwenda vema, akacheza michezo minane tu ya ligi.

Tarehe 21 Februari 1983 alionekana kwenye televisheni ya Magharibi, akiwa amesimama mbele ya ukuta wa Berlin, akieleza jinsi Bundesliga ilivyoipita Oberliga. Televisheni hiyo ilitazamwa pia Mashariki, na Mielke alikuwa miongoni mwa walioguswa na maneno hayo.

Usiku wa tarehe 5 Machi

Siku 12 baadaye, usiku wa tarehe 5 Machi 1983, gari la Eigendorf aina ya Alfa Romeo liliacha barabara kwenye kona mjini Braunschweig na kugonga mti. Alifariki hospitalini tarehe 7 Machi. Alikuwa na umri wa miaka 26. Vipimo vilionyesha pombe 2.2 kwa kila sehemu elfu ya damu, kiwango cha mtu aliyelewa sana. Polisi waliandika kwamba ni ajali ya ulevi, na mwili wake ulizikwa bila kupasuliwa na madaktari kutafuta zaidi.

Lakini waliokuwa naye jioni ile walisema alikunywa kidogo tu. Baada ya ukuta kuanguka tarehe 9 Novemba 1989 na mafaili kufunguliwa, mwandishi wa habari Heribert Schwan alichimba suala hilo kwa miaka, na mwaka 2000 filamu yake ikaonyeshwa na televisheni ya Ujerumani. Katika mafaili alipata maandishi yaliyotaja namna ya kumpofusha dereva kwa mwanga mkali wa ghafla. Mwaka 2010 yule bondia wa zamani alisema mahakamani kwamba mwaka 1983 aliagizwa amuue Eigendorf, ila hakufanya.

Je, aliuawa? Nimesikia watu wakisimulia kisa hiki kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Si kweli. Waendesha mashtaka wa Berlin walichunguza na mwaka 2004 wakaacha kwa kukosa ushahidi kwamba mtu mwingine alihusika. Maombi ya kufungua upya uchunguzi baada ya maneno ya bondia yalikataliwa mwaka 2011. Mielke mwenyewe alihukumiwa mwaka 1993 kwa mauaji ya maofisa wawili wa polisi ya mwaka 1931, akafariki mwaka 2000. Kwa habari ya Eigendorf hakuhukumiwa kwa lolote.

Tunachojua kwa hakika kinatosha kututia baridi. Serikali ilitumia watu, magari na fedha kumwandama mchezaji mpira kwa miaka minne. Ilivunja nyumba yake kwa makusudi. Kama gari lile liligonga mti kwa ulevi au kwa mkono wa mtu, ukatili huo ulikuwa umekwisha kutendwa.

Waliofuata

Tarehe 2 Novemba 1983, miezi minane tu baada ya mazishi, BFC ilikuwa Belgrade kucheza Kombe la Ulaya. Wachezaji wake wawili, Falko Götz na Dirk Schlegel, walitoroka wenzao na kukimbilia Ujerumani Magharibi. Walijua vizuri yaliyompata mwenzao, na bado wakaenda. Nao walifungiwa mwaka mmoja, kisha wakachezea Bayer Leverkusen, na mwaka 1988 Götz alikuwa katika timu iliyotwaa Kombe la UEFA.

Oberliga ilicheza msimu wake wa mwisho mwaka 1990–91, Hansa Rostock ikawa bingwa. Basi linalotoka Kaiserslautern kwenda Berlin kwa miaka mingi sasa halisimamishwi na askari yeyote wa mpaka, na mchezaji akitaka kubaki Giessen atabaki, atampigia mkewe simu amfuate na mtoto. Eigendorf angeishi miaka saba na nusu zaidi, angeona siku hiyo akiwa na umri wa miaka 34, na pengine angekwenda kumtafuta binti yake.