Duke Kahanamoku: Bingwa wa Olimpiki aliyeacha ubao wake ugenini

UKITAJA Pele kijiweni, hakuna atakayeuliza ni nani. Ukitaja Duke Kahanamoku, wengi watadhani ni straika mpya wa kigeni aliyesajiliwa dirisha dogo. Kwa watu wa michezo ya majini, huyu jamaa ndiye Pele wao. Tofauti ni moja: Pele aliukuta mpira tayari umeenea duniani, Duke aliukuta mchezo wa kwao ukiwa mahututi.

Alizaliwa Honolulu, visiwa vya Hawaii, Agosti 24, 1890. Duke lilikuwa jina, si cheo. Baba yake alizaliwa mwaka 1869 wakati mwana wa malkia wa Uingereza, Duke wa Edinburgh, akizuru visiwa hivyo, akapewa jina la mgeni. Naye akampa mwanawe wa kwanza. Mzee alikuwa polisi na nyumba ilikuwa na watoto tisa. Pesa haikuwa nyingi, ila bahari ya Waikiki ilikuwa jirani.

Wahawaii walikuwa na mchezo wao wa tangu enzi: kupanda mawimbi. Unalala kifudifudi juu ya ubao, unapiga maji kwa mikono, wimbi likikuinua unasimama na kuteleza nalo hadi ufukweni. Wafalme walicheza, na raia pia. Halafu karne ya 19 ikaja na mabaya yake. Magonjwa ya kuletwa na meli yaliwapukutisha watu, wamisionari wakauona mchezo huo ni upuuzi, mwaka 1893 ufalme ukapinduliwa na 1898 Marekani ikavichukua visiwa. Duke alipokuwa mtoto, waliobaki juu ya mbao walikuwa wachache.

Shule ya kufundisha mambo hayo haikuwepo. Ilibaki baba kwa mwana, kaka kwa mdogo. Inasimuliwa kwamba mzee alimtupa Duke majini kutoka kwenye mtumbwi akiwa bado mdogo sana: ogelea au uzame. Naye akawapokea wadogo zake na rafiki zake wa ufukweni kwa upole kuliko baba. Ni kama kaka anavyomfundisha mdogo wake danadana kwenye uwanja wa vumbi kule Keza, Ngara. Hakuna ada, hakuna cheti, na kesho mdogo atamfundisha mwingine.

Rafiki hao ndio alioanzisha nao klabu ya Hui Nalu. Agosti 1911, kwenye mashindano yaliyofanyika ndani ya Bandari ya Honolulu, Duke aliogelea yadi 100 kwa sekunde 55.4. Hiyo ilikuwa sekunde 4.6 chini ya rekodi ya dunia. Wakubwa wa riadha na kuogelea huko Marekani bara walikataa kuitambua. Wakahoji saa zilizotumika na mkondo wa maji. Ndo yale yale ya mchezaji wa ndondo kufunga mabao kila wiki, halafu wakubwa wa mjini waseme huko hakuna mabeki.

Jibu akalitoa Stockholm, Olimpiki ya 1912. Na hapo nusura mambo yaharibike. Kwa kutoelewana kuhusu ratiba, Duke na Wamarekani wenzake hawakutokea kwenye nusu fainali ya mita 100. Kwa kanuni, walikuwa wametoka. Mwaustralia Cecil Healy, ambaye angenufaika zaidi wasipokuwepo, akasimama kuwatetea. Wakaandaliwa mbio zao maalumu, Duke akafuzu, na kwenye fainali akashinda kwa dakika 1 na sekunde 3.4. Wa pili? Healy. Mwungwana huyo aliuawa vitani Ufaransa mwaka 1918.

Mwisho wa 1914 Duke alialikwa Australia kuonyesha kuogelea. Akiwa Sydney alichukua mbao za msonobari, akachonga ubao mwenyewe, akaingia nao majini ufukwe wa Freshwater. Watu walijaa. Angeweza kupiga picha na kuondoka. Badala yake alimpandisha binti wa miaka 15, Isabel Letham, wakapanda wimbi pamoja kwenye ubao mmoja. Kijana mwingine, Claude West, akafundwa na Duke na kuachiwa ubao ule. Mpaka leo umehifadhiwa Freshwater, na Waaustralia huihesabu safari ile kuwa ndiyo iliyoutia mchezo huo moto kwao.

Vita vikaifuta Olimpiki ya 1916, miaka ambayo Duke alikuwa motoni hasa. Hata hivyo mwaka 1920, Antwerp, akiwa ametimiza miaka 30, alichukua tena dhahabu ya mita 100. Fedha ilikwenda kwa Pua Kealoha na shaba kwa William Harris, wote wa Hawaii. Paris 1924 kijana Johnny Weissmuller, yule aliyekuja kuwa Tarzan wa sinema, akampokonya taji. Duke akawa wa pili. Wa tatu alikuwa Sam, mdogo wake wa kuzaliwa naye, mtoto wa ufukwe ule ule.

Juni 14, 1925, boti ya Thelma ilipinduliwa na mawimbi huko Corona del Mar, California. Duke alikuwepo na ubao wake. Aliingia na kutoka kwenye mawimbi yale mara kadhaa, akaokoa watu wanane peke yake. Baada ya hapo waokoaji walianza kuuona ubao kama kifaa cha kazi.

Medali hazikumtajirisha. Zama zile za michezo ya ridhaa, bingwa hakulipwa. Alicheza nafasi ndogondogo kwenye filamu, akarudi Honolulu na kuendesha vituo vya mafuta. Watalii walikuta bingwa wa dunia akiwajazia petroli. Mwaka 1934 alichaguliwa sherifu wa Honolulu, kazi aliyoishika kwa zaidi ya miaka 25. Alifariki Januari 22, 1968, akiwa na miaka 77, na majivu yake yakamwagwa baharini Waikiki.

Mwaka huo huo wa 1968, California, Jim Drake na Hoyle Schweitzer waliomba hataza ya ubao wenye tanga. Mchezo huo ukaingia Olimpiki mwaka 1984. Mwaka 2024 ulichezwa kwa mbao zenye bawa chini ya maji, zinazopaa juu ya bahari. Vifaa vimebadilika, ila anayeanza bado anasimama kwenye maji ya kiunoni huku ndugu au rafiki amemshikia ubao.

Duke alitamani sana kuona kupanda mawimbi kukiwa mchezo wa Olimpiki. Hakuishi kuona. Ilichukua hadi Tokyo, mwaka 2021. Dhahabu ya kwanza ya wanawake ilichukuliwa na Carissa Moore, mzaliwa wa Honolulu. Aliyemfundisha kusimama juu ya ubao ni baba yake, na darasa lao lilikuwa Waikiki.