Mangi Meli, aliyenyongwa pamoja na viongozi wa Meru na Arusha

Katikati ya jiji la Arusha lipo Boma la Wajerumani, ambalo leo ni makumbusho. Lilianza kujengwa mwaka 1899 kwa jasho la Waarusha na Wameru waliolazimishwa kufanya kazi baada ya kushindwa vitani. Mwaka uliofuata, baadhi ya viongozi wao walinyongwa huko Moshi, pamoja na Mangi Meli.

Meli alikuwa mwana wa Mangi Rindi, aliyeitwa pia Mandara. Baba yake alipofariki mwaka 1891, yeye akatawala Moshi akiwa bado kijana. Rindi alikuwa amefanya urafiki na Wajerumani. Meli alikataa kuwa mtumishi katika nchi yake. Juni 1892 wapiganaji wake waliwashinda Wajerumani, na kamanda wao Albrecht von Bülow akafa. Agosti 1893 wakaja na jeshi kubwa zaidi, naye akashindwa.

Kisha zikaja kazi za kulazimishwa, na mwaka 1898 kodi ya kibanda. Adhabu nazo zilifuata rangi ya mtu. Kanuni ya mwaka 1896 iliruhusu Mwafrika kuchapwa viboko hadi 25 kwa mara moja, au kufungwa minyororo. Mwarabu na Mhindi hawakuruhusiwa kuchapwa, na Mzungu hakuguswa kabisa na kanuni hiyo.

Mwaka 1900 Meli alishtakiwa kwamba anapanga uasi pamoja na Waarusha na Wameru. Wanahistoria wanaona kwamba shutuma hizo zilichochewa na mpinzani wake, Mangi Marealle wa Marangu. Tarehe 2 Machi 1900, chini ya Kapteni Kurt Johannes, walinyongwa watu 19, miongoni mwao Meli na Mangi Molelia wa Kibosho.

Familia yake husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mjukuu wake alikitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2023, vipimo vya vinasaba vya mafuvu yaliyohifadhiwa Berlin vilitambua fuvu la Akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo.

Hatumwiti Meli mtakatifu. Alikuwa mtawala na mtu wa vita. Lakini kuzika wafu na kuwatembelea wafungwa ni matendo ya huruma tuliyofundishwa tangu katekisimu. Ukipita tena pale Bomani, simama kidogo, uwaombee waliolijenga.